Nina miaka 24 na sijui ninachokipenda

*"Shikamoo dada. Nina miaka 24, naishi Korogwe. Nilimaliza shahada ya uhasibu mwaka juzi. Baba ndiye aliyechagua kozi, alisema mhasibu hakosi kazi. Nimeomba kazi nyingi bila kupata, kwa sasa nakaa kwenye kibanda cha mjomba cha uwakala wa pesa za simu, ananilipa 150,000 kwa mwezi. Lakini shida yangu kubwa ni kwamba sijui ninachokipenda. Nilianza kuwapikia keki wadogo zangu, watu wakazisifu, nikanunua oveni na kupokea oda, baada ya miezi miwili nikazichukia. Nikajaribu kushona, wiki tatu. Nikajifunza kutengeneza matangazo kwa simu kupitia YouTube, mwezi mmoja. Kila kitu kwangu ni moto wa mabua. Rafiki zangu wamejipata: mmoja anapamba maharusi, mwingine anafuga kuku, wanasema kazi yao ndiyo furaha yao. Mimi kitu pekee ninachokifanya bila kuambiwa ni kumsaidia mama daftari la kikoba chao. Juzi hesabu zilipishana kwa 4,000, akina mama wakaanza kunyoosheana vidole. Nikakaa na lile daftari hadi saa tano usiku, nikakuta marejesho ya mtu mmoja yameandikwa kwenye mstari wa mwenzake. Lakini hicho si kipaji, ni daftari tu. Tangu mwezi wa pili hata kwaya nimeacha, sioni raha ya kitu. Je, niache kibanda nijitafute? Nimechelewa? Na oveni niiuze?"*

Marahaba, mdogo wangu. Nimeusoma ujumbe wako mara kadhaa na nitakujibu kwa urefu. Ila nianze na sentensi uliyoipitisha haraka karibu na mwisho: tangu mwezi wa pili umeacha kwaya, na huoni raha ya kitu.

Kutojua unachokipenda ni jambo moja. Kutoona raha hata katika yale uliyokuwa ukiyapenda ni jambo lingine kabisa, na hili la pili halitibiwi kwa kubadilisha kazi. Mtu akipoteza ladha ya mambo yake kwa wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, na hasa kama usingizi umevurugika, chakula hakipiti au kinaliwa kupita kiasi, mwili ni mzito bila sababu na moyoni anajiona hana thamani, hushukiwa kuwa na sonona. Sonona ni ugonjwa, na unatibika. Ubaya wake ni kwamba humshawishi mgonjwa kuwa tatizo ni yeye mwenyewe: mvivu, hana kipaji, amechelewa. Siwezi kusema unayo kwa kusoma ujumbe. Anayeweza ni mhudumu wa afya atakayekaa nawe uso kwa uso. Nenda hospitali hapo hapo Korogwe, waeleze kama ulivyonieleza mimi, na wakiona kuna haja waombe wakupe rufaa ya Bombo, Tanga. Na kama yamewahi kukupitia mawazo kwamba afadhali usingekuwepo, usisubiri siku ya kliniki. Mwambie mama au mjomba leo, usilale peke yako, na mwende hospitali pamoja.

Naliweka hili mbele kwa sababu nimekaa na vijana waliokuja kuuliza wito wao ni upi, kumbe walichohitaji kwanza ni matibabu na usingizi. Walipopata nafuu, sehemu kubwa ya swali ilikuwa imeshajijibu. Kwa hiyo haya yote ninayokwenda kuandika yasome ukijua kwamba hospitali inatangulia.

Sasa swali lako lenyewe. Nikikuelewa vizuri, unachoogopa ni kwamba kila mtu alizaliwa na kitu chake, wenzako wamekiona cha kwao, na wewe ama hukupewa ama umekipita njiani bila kukitambua. Ndiyo maana kila jaribio likiishia njiani unalihesabu kama ushahidi dhidi yako.

Sehemu ya lawama naipeleka kwenye lugha tunayowapa vijana. Tunachanganya maneno matatu. Kipaji ni ulichopewa: wepesi wa mwili au akili ambao mwingine hana, sauti, sikio la muziki, mkono wa kuchora. Wito ni kuitwa, na neno lenyewe linadai awepo anayeita, awe Mungu, awe mgonjwa aliyelala kitandani. Shauku ni kiu, ni nafsi yenyewe kutaka. Mtu anaweza kuwa na sauti nzuri na asiwe na kiu yoyote ya kuimba. Anaweza kuupenda mpira kufa na miguu isimkubali. Anaweza kuitikia wito wa kumuuguza bibi yake miaka minne, bila kipaji wala shauku, na akamuuguza vizuri mno. Siku hizi yote matatu yamefungwa kwenye furushi moja, na kijana anaambiwa furushi hilo lazima lijitokeze mapema, liwe moja tu, na limlipie kodi ya nyumba. Nikimsikia msemaji jukwaani akiwaambia wahitimu "gundueni mnachokipenda", naumia kwa ajili ya wale watakaorudi bwenini usiku ule wakijiona pungufu.

Hata hilo neno "gundua" linapotosha. Linakufanya udhani kitu kipo tayari, kimefukiwa mahali kama tanzanite ya Mererani, na kazi yako ni kuchimba hadi ugonge. Mwaka 2018 wanasaikolojia watatu, Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton, walichapisha tafiti tano kuhusu imani hiyo hasa. Walilinganisha wanaoamini kwamba mapenzi ya jambo hupatikana yakiwa kamili na wanaoamini kwamba hukuzwa. Katika mojawapo ya tafiti hizo washiriki walitazama video nyepesi, ya kuvutia, kuhusu mashimo meusi ya angani, wakaipenda. Kisha wakapewa makala ngumu ya kisayansi juu ya jambo hilo hilo. Hamu ya wale walioamini mapenzi hupatikana iliporomoka zaidi. Kwao ugumu ulikuwa na tafsiri moja: kumbe hiki si changu. Wenzao waliuona ugumu kama sehemu ya njia.

Soma tena orodha yako ukiwa na hilo kichwani. Kushona, wiki tatu. Matangazo, mwezi mmoja.

Muulize fundi yeyote kuhusu wiki ya tatu ya cherehani, kila mmoja ana kisa. Wiki ya kwanza kila kitu ni kipya, sindano inakwenda, umeshona foronya na imetoka sawa, unaiangalia kama mtoto wako. Wiki ya tatu unakutana na kola na zipu. Jicho limeshajua nguo nzuri inavyotakiwa kukaa, mkono bado haujui. Unafumua, unashona, unafumua tena. Ile raha ya upya imekwisha, na raha ya kuweza haijafika. Hapo katikati pana bonde, na kila anayejifunza kitu chenye maana hulipita. Wewe ulifika bondeni mara mbili, na kila mara ukadhani ndio mwisho wa barabara.

Waliochunguza namna hamu inavyokua, Suzanne Hidi na Ann Renninger, mwaka 2006 waliieleza kwa hatua nne. Kwanza kuna cheche inayowashwa na tukio: umeona keki nzuri, umeona video. Pili, mazingira yanaushikilia ule moto: kuna mtu anakufundisha, kuna wenzako, kuna kazi yenye maana ya kufanya. Tatu, hamu inaanza kuwa yako, unajiuliza maswali bila kusukumwa, unarudi mwenyewe. Nne imekomaa, hata ikikutana na magumu haizimi haraka. Hatua ya pili ndiyo tunayoidharau. Cheche haijilishi yenyewe, na mwanzoni kuni huwa zinaletwa na watu wengine. Wewe matangazo ulijifunza peke yako, kwenye skrini ndogo, kwa bando la kuungaunga, na hakuna hata mtu mmoja ambaye angejua umeacha. Kwa cherehani hukunitajia fundi wala darasa. Rafiki yako anayepamba maharusi ana timu inayomsubiri Ijumaa usiku na bibi harusi wa Jumamosi. Akiamka hana hamu, bado ataenda, na akishafika ukumbini hamu inamkuta huko. Muulize mwezi wake wa kwanza ulikuwaje. Nadhani utasikia habari usizoziona kwenye picha zake.

Kwa kuwa unaishi mkoa wa Tanga, nikukumbushe mtu mmoja. Edward Said Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini, upande wa Tunduru. Alikuja huko kwenu kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Baadaye akahamia Dar es Salaam, akafanya kazi za ndani na vibarua vingine. Alianza kuchora picha za kuuza mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa na miaka thelathini na kitu, kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Mwaka 1972 akafariki. Miaka hiyo michache ilitosha kuacha mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Sikuambii hivi ili uamini kwamba kila anayechelewa huishia kuwa maarufu. Walikuwepo wengi waliochora na majina yao hatuyajui. Nakuambia kwa sababu ya ile miaka ya mkonge. Angekuwa na miaka 24 na mtu akamuuliza "unachokipenda ni nini?", angejibu nini? Rangi na ubao vilikuwa bado havijamfikia mkononi.

Habari ya keki ni tofauti, na naomba uiondoe kwenye orodha ya vilivyozima. Keki hazikuzima, zilibadilishwa zikawa kitu kingine.

Mwaka 1973 mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa chekechea waliokuwa wanapenda sana kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri chenye utepe endapo wangechora. Kundi la pili lilipewa cheti hicho hicho kwa ghafla, bila ahadi. La tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja hadi mbili vifaa vya kuchorea viliwekwa tena mezani, kila mtoto afanye apendavyo. Wale walioahidiwa malipo walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao. Waliopewa ghafla hamu yao haikuguswa. Kilichoharibu mambo hakikuwa cheti. Ile ahadi ilimfundisha mtoto kwamba kuchora ni kitu unachokifanya ili upate kitu kingine.

Wewe ulikuwa unawapikia wadogo zako. Ukaonja, ukakosea, mkala iliyoungua mkicheka. Kisha ikaja "mbona usifungue biashara?". Kwetu mtu akifanya kitu vizuri mara mbili, mara ya tatu anaambiwa afungue biashara. Naelewa kwa nini, maisha ni magumu na kila senti ina kazi yake. Lakini angalia kilichoingia pamoja na oda: kuamka saa kumi alfajiri, bei ya gesi, mteja anayesema rangi aliyoagiza si hii, jirani aliyechukua keki ya kipaimara akaahidi kulipa mwisho wa mwezi. Jiulize kwa utulivu, ulichokichukia ni kupika keki au ni kumdai jirani? Kudai madeni ni ujuzi wake, kupanga bei ni ujuzi wake, na mtu anaweza kuwa mpishi mzuri asiyetaka hayo mawili. Sisemi malipo huua kila penzi. Wapo wanaolipwa na bado wanaifurahia kazi, hasa wanapobaki na uhuru wa kuamua wafanyeje. Nasema keki zako zilifanywa biashara kabla hazijapata mizizi.

Na wala si lazima kila unachokipenda kiwe ajira. Huko huko mkoani kwenu, katika shule ya sekondari Magamba, Lushoto, mwaka 1963 alikuwepo kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba, aliyetengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye friji aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaendelea kuuliza. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mhadhiri mgeni wa fizikia, Denis Osborne, wanafunzi wakamcheka, lakini Osborne akaenda kulijaribu jambo lenyewe. Mwaka 1969 waliandika pamoja makala iliyochapishwa, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu ya kitu wanachokiita kwa jina lake. Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisomea mambo ya wanyamapori katika chuo cha Mweka, na katika fani hiyo ndiko alikofanya kazi. Swali la maziwa lilikuwa lake, na kazi ya wanyamapori ilikuwa yake. Hakulazimika kuchagua mojawapo ndipo aitwe mtu aliyejipata.

Sasa nije kwenye daftari.

Umeniandikia kwamba huna unachokipenda. Keki umezimaliza kwa sentensi moja, cherehani kwa maneno manne. Halafu ukafika kwenye daftari la kikoba cha mama, ukaniambia hesabu zilipishana kwa kiasi gani, akina mama walifanya nini, ulikaa nalo hadi saa ngapi, na kosa ulilikuta kwenye mstari upi. Hakuna aliyekutuma na hakuna aliyekulipa. Kisha, kabla sijasema neno, ukalifuta mwenyewe: "ni daftari tu".

Sikuambii kwamba hapo ndipo ulipo wito wako, na jihadhari na mtu yeyote atakayekuambia hivyo kwa kusoma ujumbe mmoja. Ninachosema ni kwamba pale pana cheche, na ni ya aina ambayo watu wengi huipita kwa kuwa inafanana na kazi ya kawaida. Tumezoea kwamba kinachopendwa lazima kiwe na rangi, muziki au picha ya kupandisha mtandaoni. Mtu anaweza kupenda mambo kukaa sawa. Anaweza kupenda akina mama ishirini wasigombane kwa ajili ya 4,000. Wewe mwenyewe jichunguze: saa tano ile usiku kilichokushika ni tarakimu, ni akina mama, au ni ule utamu wa kukamata kosa? Majibu haya matatu yanaelekea sehemu tatu tofauti.

Nadhani najua pia kwa nini hukulitambua. Uhasibu ulichaguliwa na baba. Mwaka 1966 mwanasaikolojia James Marcia aliandika kuhusu njia ambazo vijana hufikia kujitambua, na mojawapo ni ile ya kuvaa chaguo la mzazi bila kulipima kwanza. Nguo hiyo inaweza kumkaa mtu vizuri sana. Shida ni kwamba hata ikimkaa vizuri, hajui kama ni yake, kwa sababu hakuwahi kusimama mbele ya nyingine. Kwa hiyo kila kinachonukia uhasibu unakisukuma pembeni, maana ni cha baba. Inawezekana usichokipenda ni kuchaguliwa, na hesabu hazina kosa. Inawezekana pia hesabu za darasani zilikuwa kavu kwa sababu hazikuwa na mwenyewe, na hizi za kikoba zina Mama fulani anayesubiri kujua kama ataaminika tena. Lipime. Baba kuchagua hakukifanyi kitu kiwe kibaya kwako, kama ambavyo hakukifanyi kiwe chako.

Uache kibanda? Kwa sasa, hapana. 150,000 ni ndogo, nakubali, lakini ndiyo sakafu unayosimama juu yake. Mtu asiye na nauli hajitafuti, anatafuta nauli, na akiwa katika hali hiyo hukubali lolote la kwanza linalokuja. Tena hujaniambia kama kuna wadogo zako wanaokutegemea au kama Bodi ya Mikopo inakudai. Ukiajiriwa rasmi, makato ya mkopo huo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo yaingize kwenye hesabu zako mapema. Kuacha kibanda nitakubaliana nako siku utakayokuwa na sehemu ya kwenda na akiba ya miezi mitatu hivi. Kuondoka ili ukae nyumbani ukifikiri hakutakusaidia, kwa sababu hamu haipatikani kwa kufikiri. Maji usiyoyafika hujui kina chake.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi, baada ya hospitali. Ningemwomba mama na mweka hazina wa kikoba niwe nakaa nao kila wanapokutana, kwa miezi mitatu. Usiishie kwenye daftari nyumbani. Kaa pale wanaponunua hisa, mikopo inapotolewa, sanduku linapofunguliwa. Soma Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, ambayo imeviweka vikundi kama vyao katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri umuulize vikundi vinakwama wapi. Vile vinavyotaka mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vinahitaji kumbukumbu zinazoeleweka. Jitolee kukisaidia kikundi cha pili, cha watu usiowajua. Hapo utajua kama ulimpenda mama au uliipenda kazi. Na katika miezi hiyo mitatu usitoze hata shilingi. Unajua sasa kwa nini.

Andika kidogo kila wiki, mistari mitatu inatosha. Je, leo nimeamua jambo lolote mwenyewe? Je, kuna kitu ninachoweza leo ambacho mwezi uliopita sikukiweza? Nisingefika, nani angeuliza niko wapi? Maswali haya nayatoa kwenye kazi ya wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan, ambao kwa miaka mingi wameonyesha kwamba hamu ya ndani hushiba kwa vitu vitatu: kuwa na uamuzi, kujiona unaweza, na kuwa na watu. Ukikuta jambo linakuchosha, angalia kwanza ni lipi kati ya hayo linalokosekana kabla hujalihukumu jambo zima. Matangazo ya simu yalikosa watu. Oda za keki zilikosa uamuzi. Na uandike jambo moja zaidi, hili la kwangu: nilipokosea, nilitaka kurudi? Nimeona hii ikisema ukweli kuliko furaha. Furaha ya siku ya kwanza wanaipata wote. Anayekosea akalala akiwaza kesho ataanzia wapi, huyo jambo limemshika.

Usiudharau wivu pia. Umewataja rafiki wawili, mpambaji na mfugaji. Ni yupi anayekuchoma zaidi? Na kinachokuchoma ni kipato chake, ni kusifiwa kwake, au ni kile anachokifanya mikono yake ikiwa kazini? Kama ungeambiwa uamke saa kumi na moja ukasafishe banda la kuku bila mtu kukuona, bado ungemwonea wivu? Jibu la kweli la swali hilo ni bora kuliko mitihani mingi ya mtandaoni inayodai kukuambia wewe ni mtu wa aina gani.

Miezi mitatu ikiisha ukaona hapana, acha, na uache bila kujilaumu. Kuacha baada ya kupita bondeni ni tofauti na kuacha ukiwa bondeni. Hapo tutaangalia kingine, labda kozi fupi ya VETA ya kushona, mara hii darasani na fundi na wenzako. Ukiona ndiyo, basi mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, itakuwa na maana ambayo leo haina. Usilipie ada yake kabla ya hapo.

Kuhusu baba: usimwendee na "sitaki uhasibu". Yeye alitafuta usalama wako kwa njia aliyoijua, na sentensi hiyo ataisikia kama kutupiwa sadaka yake usoni. Atakuambia mchagua jembe si mkulima. Mwendee na mpango wenye tarehe: kibanda naendelea nacho, miezi mitatu nafanya hivi, mwisho wake nitakuletea jibu. Ukiona hali itakuwa ngumu, mtangulize mjomba. Anakuona kila siku kazini, na neno lake litapokelewa kama la mtu mzima kwa mtu mzima mwenzake.

Umeuliza kama umechelewa. Mwaka 2000 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipendekeza kwamba miaka 18 hadi 25 itazamwe kama kipindi chake cha maisha, cha kujaribu njia nyingi kabla ya kutulia. Alikuwa akiwatazama zaidi vijana wa nchi tajiri, wenye wazazi wa kuwabeba wakati wakijaribu, kwa hiyo sitakupa maneno yake kama ruhusa ya kuzunguka utakavyo. Korogwe mtu wa miaka 24 anaweza kuwa anasomesha wadogo zake. Lakini hata ukiwa na majukumu yote hayo, saa nne kwa wiki za kujaribu kitu kimoja kwa uaminifu zinapatikana. Hujachelewa. Umejaribu mambo matatu kwa jumla ya miezi isiyofika minne. Huko hata kuanza hakujakamilika.

Rudi kwaya, hata kama siku ya kwanza utakaa kiti cha nyuma bila kuimba. Uliiacha katika kipindi hiki cha kukosa raha, na ni vizuri mhudumu wa afya akijua hilo pia.

Na oveni usiiuze. Jumapili hii wapikie wadogo zako keki moja, usiipige picha, na akitokea jirani kuulizia bei mkatie kipande ale.